Mwaka wa Nuru ni Mwendo, Si Muda

   

Leo nina kesi ya kuamua. Kuna kipimo kinachoitwa mwaka wa nuru, na kipimo hiki kimekaa midomoni mwa watu kuliko kilivyokaa akilini mwao. Mtu akitaka kusema kwamba jambo ni la zamani mno, utamsikia: "Aa, hiyo ni miaka ya nuru iliyopita!" Wenzake wanatikisa kichwa, mazungumzo yanaendelea. Lakini sentensi hiyo haina maana. Ni sawa na mtu kukwambia kwamba alimsubiri shemeji yake kilomita tatu. Mwaka wa nuru ni kipimo cha umbali, kama kilomita. Tofauti yake ni ukubwa tu, na ukubwa wenyewe tutauona hivi punde.

Najua wapo wanaonikatiza: mwaka utapimaje njia? Mwaka si una miezi na siku?

Ndugu zangu, jibu mnalo wenyewe. Simama hapa Cibitoke, Bujumbura, muulize yeyote anayesubiri basi: kutoka hapa hadi mjini kati ni mbali? Hatakujibu kwa kilomita. Atakwambia, "Robo saa." Muulize Gitega ni wapi, atakuhesabia saa. Umeuliza njia, umejibiwa muda, na umeelewa bila taabu. Wazee wetu walifanya hivyo hivyo. Misafara iliyotoka pwani, Bagamoyo na kwingineko, kuja Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ilihesabu siku za kutembea na vituo vya kulala. Kijiji fulani kilikuwa mwendo wa siku mbili, mto fulani mwendo wa nusu siku. Burton na Speke, Waingereza waliokuja na msafara wa namna hiyo, waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Ujiji Februari 1858. Aprili mwaka huo wakafika kwa mtumbwi hadi Uvira, hapo ng'ambo ya ziwa tunapopaona kila siku. Ukitaka kujua pwani ni mbali kiasi gani kutoka ziwani kwa mizani ya karne ile, jibu ni hilo: mwendo wa miezi minane.

Mwaka wa nuru ni kipimo cha ukoo huo huo. Ni mwendo wa mwaka mmoja, isipokuwa msafiri ni nuru.

Lakini kipimo cha wazee kilikuwa na kasoro, na tusiifiche. Mwendo wa siku moja wa mchukuzi mwenye pembe ya ndovu begani si mwendo wa siku moja wa mjumbe anayetembea mikono mitupu. Mvua ikinyesha, siku moja inageuka tatu. Hata leo, ile robo saa ya kwenda mjini ni robo saa siku mafuta yakiwepo. Yakiadimika, robo saa inazaa saa mbili, na barabara ni ile ile, haijarefuka hata hatua. Kupima njia kwa muda kunahitaji msafiri asiyebadili mwendo: asiyechoka, asiyebeba mzigo, asiyepanga foleni ya mafuta.

Msafiri huyo yupo mmoja. Nuru, ikiwa katika anga tupu lisilo na hewa, husafiri mita 299,792,458 kwa kila sekunde. Kwa wepesi wa kukumbuka, sema kilomita laki tatu kwa sekunde. Kasi hiyo haipungui wala haiongezeki, hata taa yenyewe ikikimbia kukufuata au kukukimbia. Mwaka 1676 mtaalamu wa nyota wa Kidenmaki, Ole Rømer, akifanya kazi Paris, alikuwa amekwisha kutambua kwamba nuru huchukua muda kusafiri. Aliona miezi inayozunguka sayari ya Mshtarii ikichelewa kujificha pale dunia yetu inapokuwa mbali nayo, na ikiwahi pale dunia inapokuwa karibu. Tangu hapo wanasayansi wameipima kasi hiyo kwa ustadi uliozidi kukua, hata wakaiamini kuliko fimbo yoyote ya chuma. Mwaka 1983 waliamua kwamba mita yenyewe ifafanuliwe kwa nuru: mita moja ni njia inayokwenda nuru katika sehemu moja ya 299,792,458 za sekunde. Kwa hiyo hata ile mita anayoizungusha fundi cherehani kiunoni mwako ni mwendo wa nuru. Anayecheka kwamba muda hauwezi kupima njia, kipimo cha shati lake mwenyewe kinamkanusha.

Sasa tupige hesabu. Sekunde moja, kilomita laki tatu: katika sekunde hiyo nuru ingeizunguka dunia kwenye ikweta mara saba na nusu. Zidisha kwa sekunde za mwaka mzima, ambazo ni zaidi kidogo ya milioni 31 na nusu. Utapata kilomita trilioni 9.46. Sisi wa Bujumbura tuliozoea kuhesabu kwa miliari, tuseme miliari 9,460 za kilomita. Hiyo ndiyo njia inayoitwa mwaka mmoja wa nuru. Mtu anayetembea kilomita 30 kila siku bila kupumzika hata Jumapili angehitaji zaidi ya miaka milioni 860 kuimaliza.

Kwa mambo ya karibu hatuhitaji mwaka mzima. Sekunde na dakika zinatosha. Taa za Uvira ukiziangalia usiku kutoka ufukoni ziko kama kilomita 25, na nuru yake inavuka ziwa katika muda usiofika hata sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mwezi uko kilomita 384,000 na kitu, ambazo ni mwendo wa nuru wa sekunde moja na robo hivi. Jua liko kilomita milioni 150, yaani dakika nane na sekunde ishirini. Jua unaloliona likizama nyuma ya milima ya Kongo ni jua la dakika nane zilizopita.

Na mimi na wewe, msikilizaji, tumo ndani ya hesabu hii wakati huu huu. Mawimbi ya redio yanayoleta sauti yangu ni ndugu wa damu na nuru, na yanasafiri kwa kasi ile ile. Kutoka kwenye mnara hadi kwenye redio yako hayachukui muda unaoweza kuusikia. Lakini angekuwepo mtu mwezini akitusikiliza, neno langu lingemfikia baada ya sekunde moja na zaidi. Aliyeko kwenye sayari ya Mirihi angenisikia baada ya dakika tatu mpaka ishirini na mbili, kutegemea Mirihi na dunia yetu zimekaribiana au zimepeana mgongo. Na kama, tuseme kwa kudhani tu, redio yetu ingekuwa na nguvu ya kufika kwenye nyota ya jirani iitwayo Alfa Sentauri, maneno niliyosema mwanzo wa kipindi yangefika huko baada ya miaka minne na miezi minne. Umbali wake ni miaka ya nuru 4.37.

Hiyo ni nyota ya jirani! Pana chombo cha Wamarekani, Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977. Hakuna kitu kilichotengenezwa na binadamu kilichokwenda mbali kukipita. Kinakata kilomita 17 kila sekunde. Kwa mahesabu ya wataalamu, ni Novemba 2026 ndipo kinapotimiza umbali wa siku moja ya nuru kutoka duniani. Miaka 49 ya kukimbia, mwendo wa siku moja wa nuru. Kwa kasi hiyo, kufika umbali wa ile nyota ya jirani kungekichukua zaidi ya miaka 75,000.

Sasa mtu mwenye akili timamu atauliza: nani alikwenda huko na kamba ya kupimia? Hakwenda mtu. Fanya jambo moja ukiwa hapo ulipo. Nyoosha mkono mbele, simamisha kidole gumba, fumba jicho la kushoto ukitazame kwa la kulia, kisha badilisha macho. Umeona? Kidole kinaruka upande hadi upande mbele ya ukuta, na ukikisogeza karibu na uso kinaruka zaidi. Anayejua nafasi kati ya macho mawili na ukubwa wa mruko anaweza kukokotoa kidole kiko mbali kiasi gani. Wataalamu wa nyota hufanya vivyo hivyo, ila macho yao mawili ni dunia ikiwa Januari upande mmoja wa jua na Julai upande wa pili. Kati ya vituo hivyo viwili kuna karibu kilomita milioni 300. Nyota iliyo karibu huonekana imesogea kidogo mbele ya zile za mbali.

Neno "kidogo" hapo lishike sana. Gawanya digrii moja mara 3,600. Alfa Sentauri, katika nusu mwaka, husogea kama sehemu moja na nusu tu ya vipande hivyo. Ndiyo maana watu walijaribu karne kwa karne wakashindwa. Wa kwanza kutangaza jibu la kuaminika alikuwa Mjerumani Friedrich Bessel, mwaka 1838, kwa nyota iitwayo 61 Cygni. Akaona kilomita zinamlemea msomaji, akaeleza kwamba nuru huchukua miaka 10 na zaidi kutoka huko. Leo tunajua ni miaka 11.4, kwa hiyo Bessel hakuwa mbali na ukweli.

Lakini hapa Afrika ina haki yake na nataka idaiwe. Kabla ya tangazo la Bessel, mwaka 1832 na 1833, Mskochi Thomas Henderson alikuwa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, akiitazama hiyo Alfa Sentauri kutoka kituo cha nyota cha huko. Vipimo alikuwa navyo mkononi. Akarudi kwao, akasita, hakuchapisha mpaka Januari 1839, na Bessel akawa amekwisha kumpiku. Jibu la Henderson halikuwa kamili, lakini mruko aliouona ulikuwa wa kweli. Na mwaka 1915, kutoka Johannesburg, Robert Innes akagundua nyota hafifu isiyoonekana kwa macho matupu, jirani ya hiyo hiyo Alfa Sentauri, ambayo iko karibu nasi zaidi kidogo: miaka ya nuru 4.24. Ikaitwa Proksima, na baada ya jua letu hakuna nyota nyingine inayojulikana iliyo karibu kuliko hiyo. Yaani nyota jirani zetu za kwanza zilipimwa na kugunduliwa zikitazamwa kutoka bara hili, kwa sababu anga la kusini linaonekana vizuri kwetu, na aliye Paris au Berlin haioni Alfa Sentauri kabisa.

Turudi nyuma kidogo: miaka michache baada ya Bessel na Henderson, mwaka 1851, Mjerumani mwingine, Otto Ule, aliyewaandikia sayansi watu wa kawaida, akatumia mwaka wa nuru kama kipimo kamili. Alijua wasomaji wake wangeshangaa umbali kuitwa mwaka. Unajua alijitetea vipi? Aliwakumbusha kwamba wao wenyewe wanapima njia kwa saa za kutembea kwa miguu. Kwa hiyo hoja ile ya Ujiji na Bagamoyo sikuibuni mimi. Waliotembea kwa miguu, wawe Wajerumani au Wanyamwezi wa misafara ile, walipima dunia kwa namna moja.

Siku hizi vipimo vinafanywa na mitambo iliyo angani. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kumaliza kazi ya kutazama Januari 2025, imepima mahali pa nyota zinazokaribia bilioni mbili. Wataalamu wenyewe katika maandishi yao hupenda kipimo kingine, parseki, kinachotokana moja kwa moja na ule mruko wa nyota, nacho ni sawa na miaka ya nuru 3.26. Kwa sisi tunaotaka kuelewa, mwaka wa nuru una faida ambayo parseki haina: ukitaja umbali, umetaja pia tarehe. Nyota iliyo miaka ya nuru 25 inaonekana leo kama ilivyokuwa miaka 25 nyuma. Kila nyota inatuletea habari yenye umri unaojulikana.

Tuchukue mifano michache. Kati ya Septemba na Desemba, saa za jioni, tazama juu upande wa kusini. Kuna nyota angavu iliyo peke yake, Fomalhaut. Iko miaka ya nuru 25. Nuru yake ya leo ilianza safari karibu na wakati wajumbe wa Warundi walipotia saini mkataba wa amani Arusha, Agosti 28, 2000. Kuanzia Novemba, tazama mashariki jua likishazama. Utaona Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, ambacho wakulima na mabaharia wa pwani wamekitumia tangu zamani kujua majira. Nyuma yake inafuata nyota moja nyekundu nyekundu, Aldebaran. Hiyo iko miaka ya nuru 65 hivi. Nuru unayoiona iliiacha Aldebaran mji huu ukiwa bado unaitwa Usumbura, katika miaka ile ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa Oktoba 13, 1961 kabla ya kuuona uhuru wa Julai 1962. Na Kilimia chenyewe, ingawa machoni kinaonekana kando tu ya Aldebaran, kiko miaka ya nuru kama 440. Nuru yake iliondoka kabla Wareno hawajaanza kujenga ngome yao ya Mombasa mwaka 1593. Macho yanaziona zimekaa pamoja, na kumbe moja iko mbali karibu mara saba ya nyingine. Bila kipimo, anga lingekuwa picha bapa.

Hapo kuna uvumi mmoja niukate. Watu hupenda kusema kwamba nyota tunazoziona zimekufa zamani, tunachoona ni mizimu. Si kweli. Karibu zote zinazoonekana kwa macho matupu ziko umbali wa makumi, mamia, au elfu chache za miaka ya nuru, na nyota huishi mamilioni au mabilioni ya miaka. Mwenye umri huo hafi kwa sababu barua yake imechelewa miaka 65. Aldebaran ipo, Fomalhaut ipo, Kilimia kipo.

Kiswahili nacho kimeacha alama yake katika kazi hii. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei kutoka angani tu. Kwa heshima ya siku hiyo na nchi hiyo, iliitwa Uhuru. Miongoni mwa vyanzo vya eksirei ilivyovichunguza ni kile kiitwacho Cygnus X-1, ambacho leo kinahesabiwa kuwa shimo jeusi. Eksirei nazo husafiri kwa kasi ya nuru, na vipimo vya mwaka 2021 vinasema chanzo hicho kiko miaka ya nuru 7,200. Miali iliyonaswa na chombo chenye jina la Kiswahili ilikuwa imeanza safari zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya piramidi za Giza kujengwa.

Basi, wasikilizaji, kesi nimeiamua hivi. Mwaka wa nuru ni njia inayosafiriwa na nuru kwa mwaka mmoja: kilomita trilioni 9.46, miliari 9,460. Ni umbali. Anayesema "miaka ya nuru iliyopita" mrekebishe kwa upole, umwambie aseme "miaka mingi iliyopita" ikiwa anazungumzia zamani, na aache nuru ipime njia.

Kwenu walimu ninalo ombi. Watoto wetu hukutana na kipimo hiki darasani kwa Kifaransa, wanakikariri kwa mtihani, kisha kinayeyuka. Waelezeni pia kwa Kiswahili na kwa Kirundi, mkianzia pale wanapopajua: kutoka Cibitoke hadi mjini ni robo saa. Mtoto aliyeelewa hilo ameelewa nusu ya somo.

Na kwenu wazazi: Juni ikifika, mawingu yakipungua na umeme ukikatika kama kawaida yake, msikae ndani kulalamika. Tokeni nje na watoto majira ya saa tatu usiku, mtazame kusini, upande ziwa linakoelekea Rumonge. Mtauona Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili angavu. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba ndiyo Alfa Sentauri. Mwulizeni mtoto ana miaka mingapi. Akisema mitatu, mwambieni nuru hiyo ilianza safari kabla hajazaliwa. Akisema mitano, mwambieni ilipoondoka huko alikuwa ameshazaliwa.